Ukurasa wa Kumi na Nne

Walikutana kwenye duka la fotokopi lililotazamana na lango la chuo, saa ambayo foleni hufika barabarani. Binti wa duka, gauni la njano na vidole vyenye wino, alimtazama kijana mrefu aliyevaa shati lililonyooshwa upande mmoja tu.

"Kaka, umeme ulikatika katikati?"

"Nilisahau upande wa pili," akajibu. Binti akacheka mpaka machozi.

Tangu hapo, kila Jumatatu kijana alikuja kuchapisha sura ileile ya tasnifu yake, na nakala ya zamani akiitupa kwenye boksi la karatasi chakavu. Binti akaona ni visingizio, moyo ukamjaa raha. "Mpenzi, sema tu umenikumbuka, usimalize karatasi." Naye akaahidi: "Siku nitakayoileta nzima uitie jalada, ndiyo siku nitakayokwenda kwenu."

Mwezi wa nne simu zikaacha kupokelewa. Kijana akipokea, sauti imezama. "Nitakupigia, mama." Hapigi. Shangazi mwenye duka akatia chumvi: "Amepata mwingine huyo." Binti akalia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye mashine.

Ijumaa, akimwaga lile boksi, akazikuta nakala za kijana. Zote zilikuwa na alama za kalamu hadi ukurasa wa kumi na nne. Hapo mstari mmoja ulipigiwa wino tena na tena, karatasi ikatoboka. Kurasa zilizofuata hazikuguswa. Kumbe mtu alikuwa amekwama mbele ya macho yake, naye anamtania.

Akaenda chumbani kwa kijana, aproni ya kazi ingali mwilini. Mchana kweupe, mapazia yamefungwa; kijana akafungua mlango na ndevu za wiki tatu.

"Nasoma mstari, nikifika mwisho, mwanzo umepotea. Siku nyingine hata kuoga nashindwa. Nitamwambia nini baba yako?"

"Na mimi nilidhani una mwanamke!"

"Nguvu za kutafuta mwanamke nizitoe wapi?"

Kijana akataka kucheka, akalia. Binti akamkumbatia, hasira zote zikamwisha, hofu ikabaki.

"Kesho tunakwenda kwa daktari, foleni tutakaa wote. Chuo utaomba likizo, barua nitaichapa mimi."

"Na ahadi yangu?"

"Nani kwetu alikuomba tasnifu? Jumapili njoo."

"Sijui kama nitaweza kuamka."

"Nitakuja kukuamsha."

Kijana akalitazama shati lake msumarini. "Limekunjamana lote."

"Nyoosha upande mmoja, baba. Huo unanitosha."