Mgeni Aliyetumwa Azaiba

Adhuhuri moja Shariffa alirudi nyumbani kwake Azaiba kutoka sokoni Mawaleh akakuta ukumbi wake unanuka chokaa mbichi. Hakuna jirani aliyekuwa akijenga. Alipiga deki, akafukiza udi. Harufu ikabaki palepale.

Mumewe, Thani, alikuwa kisiwani Saiprasi, akiwajengea nyumba ya kuzeekea juu ya kilima kinachotazama bahari. Kwa miezi kazi ilimshinda: ukuta ukisimamishwa jioni, asubuhi umelala chini. Halafu akapiga simu akicheka, kuta zimesimama. Wiki hiyohiyo ndipo harufu ilipoanza.

Kisha ikaja sauti. Kitu kilikwaruza ndani ya ukuta wa chumba cha binti yao, Noof, taratibu, kama mwashi anayelainisha plasta, hata mchana mmoja Noof akatoka chumbani miguu mitupu, akamshika mama yake mkono na kumnong'oneza kwamba kuna mtu amekaa kitandani kwake, kampa mgongo, na mgongo wenyewe unachuruzika maji ya chokaa, na kila akimsomea Ayatul Kursiyy yule mtu anatikisa kichwa polepole, kama anayengoja amalize ili aanze yake.

Shariffa alimwita Bi Nasriya wa Sidab, ajuza anayesomea watu. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Ndipo mdomo wa Noof ulipofunguka, ikatoka sauti ya mwanamume mzee.

"Sikuvamia. Thani kanipa. Kanambia, niachie kilima hiki, nenda kwangu Azaiba, yupo mke wangu."

Shariffa alimpigia mumewe palepale.

"Thani, umenitaja?"

"Nani kakwambia?"

"Umenitaja, hukunitaja?"

"Mafundi walinipeleka kwa mganga, akasema lazima nimpe mwenye kilima pengine pa kukaa. Nilidhani hutomuona, Shariffa. Noof sikumtaja, wallahi."

"Basi mrudishe. Sema sasa hivi, nnakusikiliza."

"Kuta zitaanguka." Alishusha pumzi. "Vumilia kidogo tu, tumalize paa."

Shariffa aliitazama simu kama kitu asichokijua. Yeye ndiye aliyemuuguza mama yake Thani, akamlisha kwa kijiko mpaka siku bibi yule alipokufa. Leo amewekwa mizani moja na paa, na paa limekuwa zito.

"Nyumba hii ya nani, mwanangu?" Bi Nasriya aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ya marehemu baba. Kaniachia mimi."

"Basi mwambie wewe mwenyewe atoke."

Shariffa alipiga magoti mbele ya binti yake. "Aliyekukaribisha hana nyumba hapa," alisema. "Toka."

Madirisha yakatikisika yote. Noof akamwangukia mama yake kifuani, akilia kwa sauti yake mwenyewe.

"Sasa atamwandama aliyemdanganya," Bi Nasriya alisema akifunga mkoba wake. "Thani akija, usimfungulie."

Thani alifika Ijumaa alasiri, nguo zimejaa vumbi, mikono mitupu.

"Imeanguka yote," alisema nje ya geti. "Nisamehe, Mama Noof. Nifungulie."

Alikuwa peke yake, amekonda, machozi yanamtiririka. Moyo ukamlainika Shariffa. Akashika komeo.

Dirisha la juu likafunguliwa.

"Mama," Noof aliita, "mbona Baba kaja na mgeni?"

Shariffa alichungulia tena. Barabara ilikuwa tupu, hakuna ila Thani.

Akaliachia komeo, akarudi ndani.