Banda la Chuma la Kiirua

"Leo usiende Kiirua. Ng'ombe wameingia zizini."

Njoka, aliyekuwa akimtuma Hidaya kazi za siri, akakata simu.

Ng'ombe ni watu. Zizi ni banda la mlowezi Kruger.

Hidaya, muuza nyama wa Makutano na jasusi wa watu wa msitu, wapiganaji wa uhuru, alirudisha mkono wa simu mahali pake. Jana alilegeza kwa spana bolti za vyuma vya mshazari vya banda hilo, vile vinavyozuia nguzo zisiyumbe. Ndani, chini ya turubai, mlikuwa na masanduku ya bunduki ambazo Kruger alikuwa akiwauzia majambazi waliochoma vijiji Gachoka na kuwasingizia watu wa msitu. Upepo wa mchana ungelibomoa banda, kila mtu azione.

Hakumtii Njoka. Alidandia lori la Bedford, bastola yake ya Beretta ikiwa chini ya maini kwenye karai.

Kiirua, upepo wa mlimani ulikuwa umeshaanza kulaza ngano.

Banda lilikuwa likiyumba.

"Ndani kuna nani?" Hidaya akamuuliza Ngari, askari wa zamu.

"Wanawake vibarua. Hawana pasi za kutembea. D.O., ofisa wa wilaya, anakuja kuwaona."

Mabati yalilia.

"Mlango huu wa upande wa mlima usiuguse. Upepo ukipenya ndani, paa litainuka. Fungua wa nyuma."

"Amri ni ya Bwana Kruger, mama."

Beretta ikamgusa ubavuni.

"Yangu iko karibu zaidi."

Wanawake walitoka wameinama. Wa mwisho, kibarua aitwaye Wambeti, alikuwa amembeba bibi kizee mgongoni. Nyuma yake nguzo iliinuka kutoka kwenye msingi, ikatua, ikainuka tena.

Ngari alikuwa ameshatimkia kwenye ngano.

Land Rover ya D.O. ikakata kona. Kruger alikaa kando yake, akicheka.

Hidaya alizunguka upande wa mlima. Akavuta komeo la mlango ule aliokataza usiguswe.

Upepo uliingia wote kwa mara moja. Paa lilivimba. Bolti zikafyatuka. Mabati yakapaa juu ya barabara, na zile nguzo nyembamba zikajikunja, zikaanguka juu ya masanduku na kuyapasua.

Bunduki zikatapakaa vumbini.

"Za nani hizi?" D.O. aliuliza.

Kruger hakuwa akicheka tena.

Hidaya alijitwika karai, akaingia katikati ya wanawake waliokuwa wakiondoka.

"Wewe ni nani?" Wambeti akanong'ona.

"Muuza nyama. Tembea, dada. Usikimbie."