Simu Ilizima Nikiwa Nimefungiwa na Kuku wa Barafu

PAAA!

Mlango wa chumba cha barafu ukajifunga nyuma yangu. Nikasikia komeo la nje likishushwa.

"Wee! Kuna mtu humu!"

Nikapiga ngumi mlangoni.

Nikausukuma kwa bega. Wapi! Kitasa cha ndani kiling'oka kitambo, huwa tunauzuia mlango kwa kreti usijifunge. Na kreti halikuwepo. Mtu kaliondoa!

Naitwa Rahel, fundi majokofu hapa Morogoro mjini. Chumba hicho ni cha Bi Mwajuma, muuza kuku wa jumla, na baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Na mwenzenu nina ovaroli tu na mabuti ya mpira ya stoo, viatu vyangu nimeviacha nje!

Ilikuwa Ijumaa mchana, watu wameenda kuswali. Nilikuja kukagua kipimajoto, nikashangaa katoni za nyuma zimefungwa ovyo. Nikafungua moja. Barafu tupu! Ya pili, barafu! Kuku wameshauzwa kimyakimya, katoni zimejazwa mifuko ya maji yaliyogandishwa.

Nikatoka nje, nikampigia mchumba wangu Geofrey, msimamizi wa pale.

"Bebi, huku kuna wizi, katoni zina barafu tupu!"

"Acha masihara! Umemwambia bosi?"

"Bado, nimeanza na wewe."

"Safi. Mimi niko kijijini Mlali kwa mama. Rudi ndani uzihesabu, usimwambie mtu."

Nikarudi ndani. Ndipo nikafungiwa.

Akili yangu ikaenda kwa Sabra, mtunza stoo. Nani mwingine anashinda pale? Halafu tuna bifu. Aliwahi kuniambia, "Dada Rahel, huyo Geofrey hakufai." Nikajua tu anamtaka bwana wangu!

Nikachomoa simu. Chaji imezidi nusu... ikazima hapohapo!

Nyie, baridi kali inaifanya betri ionekane imekufa wakati chaji imo. Dawa yake ni kuipasha moto. Nikaichomeka kwapani ndani ya ovaroli, nikapiga yowe kwa ule ubaridi wake. Meno yanagongana, kope zinanatana. Nikamwomba Mungu asiniache nife katikati ya mapaja ya kuku.

Nikaiwasha. Ikawaka!

Nikajibana mlangoni, network ikashika kwa mbali. Nilijua napata simu moja tu kabla haijazima tena.

"Geofrey! Sabra kanifungia humu, nakufa!"

"Tulia bebi, ndo natoka Mlali, nakuja. Usimpigie mtu mwingine, utamaliza chaji."

Nikataka kumshukuru, nikasikia kitu nyuma ya sauti yake...

Kwiii... kwiii...

Ile feni mbovu ya mtambo wa kupoza, iliyopo hapo nje ya mlango! Inalia kwenye simu, inalia ukutani, kwa pamoja.

Hakuwa Mlali. Kumbe mwizi ni yeye, na alikuwa hapohapo nje, amekaa anasubiri nife!

Simu ikazima.

Jamani! Mwanaume aliyeleta posa kwetu Mzumbe mbele ya wazee wangu!

Nikalia, kisha hasira zikanipanda. Nikatazama ukutani, nikaona waya wa kipimajoto unaning'inia. Chumba kikipata joto, mashine yake inamtumia Bi Mwajuma meseji. Na huyo mama anaweza kumpuuza yeyote, lakini kuku wake hawapuuzi!

Nikaikamata ncha ya waya, ile inayopima joto, nikaibana kwapani.

"Panda," nikaiambia, "panda umwite!"

Nikabana hivyohivyo mpaka miguu nikawa siisikii. Usingizi ukaanza kunichukua...

Mlango ukafunguka.

"Kuku wangu jamani!"

Bi Mwajuma huyo, hina mkononi, katoka harusini. Sabra, aliyekuja naye, akampita mbio, akanifunika khanga yake, akanikokota nje.

Geofrey naye akajitupa miguuni kwangu.

"Mpenzi wangu! Sikujua kama umo!"

"Mlali... umerudi saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mlali ipi?" Bi Mwajuma akadakia. "Si nimemkuta amekaa hapa, ananiambia kipimajoto kibovu, nirudi zangu harusini!"

"Na mimi nikaona viatu vya Rahel hapa nje," Sabra akasema. "Nikamwambia mama, huu mlango unafunguliwa, hata kwa shoka!"

Geofrey yuko mahabusu. Mimi vidole vya mguu bado vina ganzi.

Dada zangu, ukigundua wizi, mwambie mwenye mali kwanza, mapenzi baadaye. Na mtu akikuonya kuhusu mwanaume, msikilize hata kama roho inauma.

Maana hospitali nilimuuliza Sabra, kama ulijua Geofrey anaiba, mbona hukunipigia?

Akanijibu taratibu, huku anasugua miguu yangu, "Dada, asubuhi yote nilikuwa nakupigia. Si ulishaniblock?"