Sauti Iliyokatizwa Katikati

Kila siku wakitoka shule, Machachari na Kimya waliosha vyombo uani, wakafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, kisha wakagombania simu. Simu ilikuwa moja tu, ya mama yake Machachari, fundi wa nguo za kike, na ilikaa kando ya kopo la pini. Kimya alikuwa binti wa mama mdogo. Alihamia kwao ili awe karibu na shule, na jina hilo la utani lilimfaa: darasani alizungumza pale tu mwalimu alipomwita mara mbili. Machachari naye alikuwa na mdomo wa kutosha watu wawili.

Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili aliweka mada kwenye ukurasa wa mijadala wa shule mtandaoni: kipi bora, ujumbe wa maandishi au ujumbe wa sauti? Wanafunzi wamtumie hoja zao, yeye aziweke hapo. Ambaye hoja yake itapendwa zaidi ataongoza mjadala mbele ya shule nzima. Machachari aliona nafasi hiyo ni yake. Nani mwingine?

Aliandika hoja ndefu ya kutetea maandishi, yenye maneno makubwa ambayo mengine hata yeye hakuyaelewa vizuri. Akasubiri. Ikapata moyo mmoja, nao ulitoka kwa mama yake.

"Nimeipenda sana," mama alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Umeisoma, mama?"

"Nitaisoma nikimaliza hili gauni."

Kimya alituma ujumbe wa sauti, na mioyo ikamiminika. Machachari aliubonyeza akiwa amenuna.

"Bibi yetu haoni vizuri," sauti ya Kimya ilisema taratibu. "Zamani ujumbe ukifika alimwomba jirani amsomee, na jirani akajua habari zetu zote. Siku hizi ananisikiliza mimi mwenyewe..."

Machachari akaizima katikati. Wivu ulikuwa umemjaa. Yaani huyu aliyekuja juzi na begi moja, akagawiwa nusu ya kitanda chake, sasa achukue na nafasi yake?

Kwenye simu ileile Machachari alikuwa amefungua akaunti ya siri, yenye picha ya ua na jina la Jicho la Kweli. Akaandika chini ya sauti ya Kimya: "Msidanganyike. Huyu hata darasani haongei. Maneno hayo katungiwa na roboti, yeye kasoma tu."

"Lete simu, mteja anataka kuona mtindo!" mama aliita.

Machachari akatuma harakaharaka, akampelekea.

Kesho yake shuleni ikawa ni kelele tupu. "Roboti, umechajiwa leo?" Kimya aliinamia dawati, na wakati wa mapumziko akaenda kumwomba mwalimu aiondoe hoja yake. Rafiki mmoja alitaka kumwambia Machachari jambo kuhusu ile sauti, lakini yeye akamkata, "Nimeshaisikia!" Alikuwa amepata alichotaka, ila moyo haukutulia.

Jioni mama mdogo aliingia bila kupiga hodi.

"Dada, nimekukosea nini?" alimwuliza fundi. "Nimekuachia mwanangu umlee, wewe unamtangaza mtandaoni kuwa ni mwongo?"

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Mimi?"

"Hii picha ni ya nani?"

Machachari alichungulia simu ya mama mdogo, ambaye mtu alikuwa amemtumia picha ya ukurasa ule kabla hoja haijaondolewa. Juu ya maneno yake hapakuwa na ua. Alikuwepo mama yake, ameketi kwenye cherehani, anatabasamu. Kwa ile haraka alisahau kubadilisha akaunti, akatumia ya mama ya kuonyeshea wateja magauni.

"Kimya, fungasha vitu vyako," mama mdogo alisema. "Tunaondoka."

"Mdogo wangu, sijaandika neno hapo," fundi alisema. "Nilikuwa hapahapa mtoto akijirekodi. Hakutungiwa na mtu. Sikiliza mwenyewe."

Akaibonyeza sauti iliyobaki kwenye simu yake. Maneno ya bibi yakapita, ya jirani yakapita, na pale Machachari alipoizima pakapita.

"Mimi naogopa kuongea," sauti iliendelea. "Dada yangu Machachari ndiye anayenifundisha. Tukiosha vyombo huniambia, ongea na sufuria kwanza, sufuria haicheki watu. Asante, dada." Kwa nyuma cherehani ilisikika, kisha mtu akapaza sauti kutoka uani: "We Kimya, vyombo havijioshi!"

"Hiyo ni sauti yangu," Machachari alisema, akaanza kulia. "Na yale maneno mabaya ni yangu. Mama hakuandika. Niliandika mimi, kwa wivu."

Mama hakufoka, na afadhali angefoka. Alimpa simu. "Umemchafua mwenzako ukiwa umejificha. Sasa msafishe hadharani, kwa jina lako na sauti yako."

Machachari alianza, akakwama, akaanza tena. "Kimya hakutumia roboti. Nilimwonea wivu nikamzulia uongo, tena kwa akaunti ya mama. Mama hahusiki. Nisamehe, mdogo wangu." Akatuma kwenye ukurasa wa mijadala. Kisha akaifuta Jicho la Kweli mbele yao wote.

"Bado nimekukasirikia," Kimya alisema. Akamgeukia mama yake. "Lakini sifungashi."

Mama mdogo akamwomba dada yake radhi, akavuta kiti. Fundi akamwita Machachari karibu na cherehani.

"Unaona, mwanangu? Ulikuwa unatafuta sifa, na sifa zako zilikuwa ndani ya sauti ileile uliyoizima. Wivu ulikuziba masikio. Mtu akiongea, msikilize mpaka mwisho ndipo useme lako, na ulisemee pale watu wanapokuona."

Mwalimu aliirudisha hoja ya Kimya, nayo ikashinda. Siku ya mjadala Kimya alisimama mbele ya shule nzima, sauti haitoki. Ndipo alipomwona Machachari mstari wa mbele, amepakata sufuria.

Kimya akaitazama sufuria, akaanza kuongea.