Fimbo Mbili kwenye Njia Moja

Nimesema mpaka mate yamenikauka. Nimesema kwa upole, nimesema kwa matusi, nimepiga hata magoti barabarani, mtu mzima na mvi zangu. Vijana wa kamio, madereva wa malori haya, hawasikii. Wakikuona unafungua mdomo, wao wanakanyaga mafuta. Basi leo naandika, na asiyejua kusoma asomewe.

Mimi ni Isidore. Nalinda bariere ya chini, mti unaofunga njia pale barabara itokayo Baraka inapoanza kupanda milima kwenda Fizi. Njia ni nyembamba na ina kona kumi na moja. Kamio mbili haziwezi kupishana. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili hakuna kitu mpaka mtoni. Ndiyo maana Serikali ilituletea fimbo. Ni moja tu, nyeusi, imefungwa waya wa shaba shingoni. Ikiwa kwangu, kamio inapanda nayo. Ikiwa juu kwa mwenzangu Sebatware, kamio inashuka nayo. Kama huna fimbo, zima injini, keti, tafuna muhogo wako. Hata mbuzi angeelewa.

Sebatware ni mtu wa ng'ombe kutoka nyanda za Minembwe, mtu wa kanisa, mkavu. Hajawahi kumfungulia mtu kwa sababu ya maneno matamu. Hapo amenizidi, na sasa mtajua ni kwa nini.

Jioni ile ilikuwa ya siku ya soko. Nilikuwa nimekwenda dukani kununua mafuta ya taa ya bariere, maana jua lilikuwa linakaribia kuzama. Narudi na chupa mkononi, nakuta kamio ya yule mfanyabiashara Mgiriki imesimama. Imejaa magunia ya ndagala kavu, dagaa wa ziwani, na juu ya magunia wamekaa wanawake kumi na wawili waliotoka sokoni Baraka. Kwenye usukani, Placide.

Placide ni mtoto wa dada yangu Marthe. Ana miaka ishirini na miwili. Marthe alizaa watano, akazika wanne wakiwa wachanga, akabaki na huyu. Kila Jumapili ananishika mkono mlangoni pa kanisa: "Isidore, huyu mutoto nimekupatia. Umuchunge." Na mimi namchunga kivipi? Kijana anashuka kona kumi na moja kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sigara, eti wasichana wa soko wamwone.

"Mujomba, fungua! Giza inaingia."

"Fimbo iko juu. Ungoje."

Akacheka. Akainama chini ya kiti, akatoa fimbo. Nyeusi. Waya wa shaba shingoni.

"Muntu wa velo ameishusha wakati ulikuwa ku duka. Unaona? We unapenda kugombana bure."

Jambo hilo hutokea. Juu kusipokuwa na gari, Sebatware humpa fimbo mtu yeyote wa baiskeli anayeshuka. Nikaishika, nikaigeuza. Nilikuwa nimebishana na madereva tangu asubuhi na kichwa kiliniuma. Nikainua mti wa bariere.

"Asante, Papa Isidore," sauti ya mwanamke ikasema kutoka juu ya magunia. "Mungu akuchunge."

Alikuwa Mama Georgette. Nikainamisha macho, kama kawaida yangu mbele yake.

Mama Georgette ndiye mama wa Eugène. Miaka mitatu kabla ya jioni hiyo, Eugène alipanda mlima bila fimbo. Kwenye kona ya saba akakutana na kamio ya pamba inayoshuka. Akakwepa, akaanguka mtoni na abiria sita. Wale sita tuliwazika. Eugène mwenyewe, mto haukumrudisha. Ikasemwa kwamba aliivunja bariere kwa kiburi chake, na tangu siku hiyo wafiwa wakimwona mama yake wanamgeuzia mgongo. Yeye alinisalimia mimi kwa heshima, kwa kuwa eti nilijaribu kumzuia mwanawe.

Kamio ikapanda. Sijamaliza kumimina mafuta kwenye taa, mara akatokea muuza maziwa juu ya baiskeli, anashuka na vibuyu vyake.

"Sebatware ametuma nini?" nikamwuliza.

"Hakuna. Anasema ungoje tu. Nicolas iko nyuma yangu, anashuka na mbao."

"Na fimbo?"

"Iko na Nicolas. Nimeona kwa macho yangu."

Chupa ikaniponyoka.

Fimbo mbili!

Yule mjinga alikuwa amechonga ya kwake. Amekaa chini na kisu, siku ngapi sijui, amepaka masizi, amezungushia waya. Akili hiyo yote, angeitumia kungoja nusu saa tu!

Nikakimbia. Kuna kijia cha miguu kinachokata mlima bila kufuata kona. Nilipanda kwa mikono na magoti, miiba inanichana, namtukana Placide na kumwomba Mungu kwa pumzi moja. Nikatokea barabarani juu ya kona ya nne. Nikasimama, nikasikiliza...

Mbele yangu, injini ilikuwa ikilia kwa mzigo, inapanda. Placide. Alikuwa ameshanipita.

Na juu zaidi, mbali, injini nyingine... inashuka.

 Sikuwa na uwezo wa kumfikia.

Hapo ndipo nilipoona kamio chini ya mwamba. Haina taa. Imesimama tu, kama inayongoja zamu. Harufu ikanijia, freni zilizoungua, na chini ya harufu hiyo, matope ya mtoni.

"Shofere! Nipandishe! Haraka, bantu banakufa!"

Mlango ukafunguka. Nikaingia. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa.

Tukaondoka. Ilinichukua muda kutambua kwamba sisikii injini. Nilisikia maji tu. Tone... tone... yakidondoka kutoka kwenye mkono wa shati la dereva.

Hakunitazama. Akanong'ona.

"Papa Isidore. Ule mutoto, nani alimufungulia?"

Sauti ile niliijua. 

"Alikuwa na fimbo," nikasema. "Alinidanganya."

"Na mi? Nilikuwa na nini?"

  Eugène hakuvunja bariere. Mimi nilifungua. Mvua ilikuwa inanyesha, chakula changu kilikuwa kinapoa, na kijana alikuwa anapiga honi na kusema, "Papa, fungua, mi siko mutoto." Nikachoka. Nikainua mti, nikarudi kula. Habari zilipofika usiku, nikachukua shoka nikaupasua ule mti mwenyewe, ili Mzungu anayesimamia barabara akija asubuhi aukute umevunjika. Miaka mitatu niliwafokea vijana juu ya Eugène. Miaka mitatu!

"Mama iko juu ya ile kamio," dereva akanong'ona.

"Eugène... mwanangu..."

"Utamuambia."

Hakuniuliza. Aliniagiza.

Mwanga wa taa ukalamba mwamba mbele yetu, na mwingine ukatokea nyuma. Tulikuwa kona ya saba; tulimpita Placide wapi kwenye njia ile nyembamba, mpaka leo sijui. Akazungusha usukani, akaikingamisha kamio, ikaziba barabara yote. Nikafunga macho. Nikasikia magurudumu yakilia upande huu na upande huu, wanawake wakipiga yowe, mbao zikiporomoka...

Kisha kimya.

Nilipofungua macho nilikuwa nimesimama katikati ya barabara, peke yangu. Chini yangu, hatua kumi, kamio ya Placide, gurudumu moja la mbele likining'inia hewani. Juu yangu, hatua kumi, kamio ya Nicolas. Wote wawili wameshuka, wote wawili wanapiga kelele wakiuliza swali moja.

"Ile kamio imeenda wapi?"

Hakufa mtu. Suruali yangu ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Nikamwendea Placide. Nikamzaba kofi, nikamkumbatia, nikamzaba lingine. Mama Georgette aliteremshwa kutoka kwenye magunia, akaja akanishika mikono na kunishukuru. Nafasi ilikuwa hiyo. Ningeweza kusema pale pale.

Nilinyamaza.

Sasa ninyi mngedhani vijana walipata funzo. Sikio la kufa halisikii dawa! Waliketi sokoni, Placide na Nicolas wakaapa kwamba ile ilikuwa kamio ya Eugène, wakapiga hesabu zao, wakasema: Eugène aliziba njia kwa sababu mama yake alikuwa ndani. Basi ukimpakia Mama Georgette, huwezi kufa mlimani. Ndiyo akili yao hiyo. Wakaanza kumgombania. Anapandishwa bure, anakaa mbele, ananunuliwa mkate na samaki. Na wakishamweka kwenye kiti, fimbo ni ya nini? Wanashuka wenyewe, wanainua mti mbele ya macho yangu, wanapita. Nikimshtaki mmoja, mwajiri wake ananiambia nisicheleweshe mzigo.

Na wa kwanza wao alikuwa nani? Placide! Makofi yangu mawili hayakumaliza hata mwezi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Mama Georgette alikuwa na furaha. Watu walimsalimia tena. Kanisani aliketi mbele. "Mutoto wangu anabachunga," alikuwa akisema, na uso wake uling'aa. Nani angekuwa na moyo wa kumnyang'anya hiyo? Lakini mimi nilijua kitu ambacho wao hawakukijua. Eugène alikuwa amenipa agizo moja, na sikuwa nimelitimiza. Kila siku niliyonyamaza, niliona yule kijana ana sababu ndogo zaidi ya kutuzibia njia tena, na sababu kubwa zaidi ya kunifuata.

Siku moja ya soko, jua linaelekea kuzama, Placide akaja. Watu ishirini nyuma, na kati yao dada yangu Marthe, amebeba kuku. Mama Georgette kwenye kiti cha mbele. Fimbo iko juu.

"Mujomba, toka. Mi nafungua mwenyewe."

Nikaketi juu ya mti wa bariere.

"Mujomba!"

"Utapita juu yangu," nikasema. "Mbele ya mama yako."

Akapiga honi. Watu wakaanza kuguna. Nicheke au nilie? Mzee mzima, amekalia mti kama kuku anayeatamia. Basi nikasema. Sikupanga maneno. Nikamtazama Mama Georgette kupitia kioo cha mbele cha kamio, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Eugène hakuvunja. Mi nilimufungulia. Nilikuwa na njaa, chakula ilikuwa inapola. Ule mti niliupasua na shoka yangu."

Honi ikanyamaza.

Mama Georgette alifungua mlango. Alishuka polepole, mguu mmoja, kisha mwingine. Akaja mpaka mbele yangu, akanitazama muda mrefu. Nilingoja anitemee mate. Ningeshukuru.

"Njaa?" akauliza, kwa sauti ndogo. "Njaa, Papa Isidore?"

Akachukua kapu lake. Akapita kando ya bariere, akaanza kupanda mlima kwa miguu.

Placide alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya kwanza. Kisha akanyoosha mkono, akazima injini. Alingoja saa nzima mpaka fimbo ikashuka. Hakunitazama. Marthe naye akanigeuzia mgongo.

Ni mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nane sasa. Mama Georgette hakupanda kamio tena, hata aombwe vipi, na vijana wasipokuwa naye wanaogopa kona ya saba. Kwa hiyo wanangoja. Wananung'unika, wananiita muuaji nyuma ya mgongo wangu, lakini wanangoja. Nimekubali. Waniite watakavyo, mradi injini zimezimwa. Yeye hupita kwangu kila siku ya soko na kapu lake, na hanisalimii.

Wiki iliyopita Sebatware alishuka kuniona, jambo asilolifanya. Akaketi. Akazungusha kofia mikononi.

"Isidore, ule mama wa Eugène anatokaka hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Kwa miguu."

"Ku juu anafikaka mbele ya giza kuingia."

Nilimwambia hiyo haiwezekani. Kutoka kwangu mpaka bariere yake ni mwendo wa saa nne, kwa kijana mwenye nguvu.

"Najua. Nilimuuliza. Nikasema, mama, nani anakupakiaka?"

"Akasema nini?"

Sebatware akatazama barabara, akashusha sauti.

"Alichekaka tu. Akasema, 'Usiogope, baba. Siku hizi anaendeshaka pole pole.'"