Jozi Arobaini

Mama yangu huuza viatu vya mitumba. Kila Jumamosi asubuhi hufungua gunia sebuleni, na nyumba nzima hunuka ngozi na vumbi. Viatu hutoka vimechanganyika. Kazi ya kwanza ni kukitafutia kila kiatu mwenzake. Akimpata, huvifunga kamba pamoja, kisha huandika saizi kwa ndani, penye kisigino, kwa kalamu ya wino mzito.

"Usifunge mpaka uhakikishe," hunionya. "Vinavyofanana si lazima viwe ndugu."

Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni. Hayakunisaidia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi. Kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti mdogo. Mimi nilichagua shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha. Wagonjwa hufika kliniki wakihema, wametembea juani, nasi tunawapima papo hapo. Swali langu lilikuwa rahisi. Mtu akikaa kwanza dakika tano, je, presha yake hushuka?

Nilipima watu arobaini, kila mmoja mara mbili. Kipimo cha kwanza, mara tu anapofika, nilikiandika kwenye kadi nyeupe. Cha pili, baada ya kupumzika, kwenye kadi ya njano. Niliandika namba ya juu tu ya presha. Tumefundishwa kutunza siri ya mgonjwa, nami niliitunza mpaka nikapitiliza. Sikuandika jina wala alama yoyote ya mtu. Kadi nyeupe nilizitia kwenye kopo moja, za njano kwenye kopo jingine. Nikajiona mjuzi kweli kweli.

Kliniki ilikuwa na karani wa takwimu, mtu mzima mwenye miwani. Watu walimwita Bwana Kwa-Mia, maana hata mvua aliitabiri kwa asilimia. Nilimpelekea makopo yangu.

"Shikamoo, mzee. Hizi hapa takwimu zangu."

"Marahaba, binti. Jozi ziko wapi?"

"Jozi gani, mzee?"

"Kadi nyeupe ya mgonjwa, na kadi ya njano ya mgonjwa huyo huyo. Umempima mtu yule yule mara mbili. Kwa hiyo tunamlinganisha na nafsi yake. Alikuwa ngapi, amekuwa ngapi, tofauti ni ngapi. Tofauti hizo arobaini ndizo tunazozitaka."

Uso uliniwaka. Ningesema ukweli pale pale, ningepata karipio dogo na mambo yangeisha. Lakini niliona haya kuonekana mjinga.

"Bado sijazipanga, mzee," nikasema. "Nitazipanga nyumbani."

Jumapili mchana, mama akiwa sokoni, nilimwaga makopo yote mawili mezani. Nikachukua kadi nyeupe yenye namba kubwa kuliko zote, nikaibana na ya njano yenye namba kubwa kuliko zote. Ya pili na ya pili. Nikaendelea hivyo mpaka zile ndogo kabisa. Nilijiambia kwamba sibuni namba, ninapanga tu. Nilijua ninajidanganya, na bado niliendelea kubana.

Bwana Kwa-Mia aliziingiza kwenye kompyuta.

"Kwa wastani wameshuka tano," alisema. "Na hakuna aliyepanda hata mmoja. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona wagonjwa wenye adabu namna hii."

Alinitazama juu ya miwani. Mimi nikatazama sakafu.

Mwalimu wangu aliisifu ripoti. Mkuu wa kliniki aliipenda zaidi, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Kama kila mtu hushuka tano, benchi la kupumzikia la nini?" alisema. "Foleni yenyewe ndefu. Kuanzia mwezi ujao, mtu akifika mpimeni, toeni tano, basi."

Nami nikatikisa kichwa kukubali, kama mjusi ukutani.

Jioni ile nilimsimulia mama. Alikuwa amekaa chini akifunga kamba za viatu.

"Wote arobaini walishuka, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Hata mimi?"

Mama alikuwa mmoja wa wale arobaini. Nilimpima kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakugomba. Alivua viatu vyake, akanisogezea. Ndani ya kile cha kushoto, penye kisigino, paliandikwa 150. Ndani ya cha kulia, 158. Wino ulikuwa ule ule wa saizi.

"Siku ile nilikuuliza, ukaniambia," alisema. "Nikaandika nisisahau. Nilifika nikiwa mia na hamsini. Nikapumzika, nikapanda. Ningetuliaje? Meza ya sokoni nilikuwa nimemwachia yule jirani yangu, ambaye hata kiatu cha mguu mmoja humuuzia mtu." Kisha akauliza polepole, "Kadi yangu ya njano, mwanangu, umeifunga na ya nani?"

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Haikuwa aibu ya kukamatwa tu. Nilikuwa naiona kliniki ya mwezi ujao. Mama anafika, anapimwa mia na hamsini, anatolewa tano, anaandikiwa mia arobaini na tano. Anaambiwa hali si mbaya sana, aende zake. Na presha yake ya kweli inarudi naye nyumbani.

"Nikisema, watanizuilia cheti," nilimwambia.

"Sikukuuliza habari za cheti."

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu, kisha kwa mkuu wa kliniki. Sitaki kuyasimulia yote. Mkuu alifuta amri yake ya kutoa tano. Ripoti ilifutwa nayo, na jina langu likatolewa kwenye orodha ya mahafali. Mwisho nikaenda kwa Bwana Kwa-Mia, nikiwa nimelia njia nzima.

"Nilihisi," alisema. "Tisini kwa mia. Nami nina kosa langu. Nilitania badala ya kukuuliza. Vuta kiti."

Akanipa maji, akaanza kueleza.

"Wastani wako haukuwa wa uongo. Changanya kadi utakavyo, wastani wa tofauti utabaki ule ule, tano. Ulichoharibu ni mtawanyiko, yaani jinsi watu wanavyotofautiana. Mmoja hushuka kumi na tano, mwingine hupanda nane, ndivyo walivyo watu. Wewe ulifunga kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Wote wakaonekana kushuka karibu sawa. Mtawanyiko ukawa mdogo, na jaribio la takwimu nililolifanya kwenye kompyuta likatoa hakika ambayo hatuna. Jaribio halijui kwamba umelidanganya. Linahesabu tu."

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuuliza tangu siku ya kwanza.

"Kwani, mzee, hilo jaribio linatafuta nini?"

"Linauliza, je, hii yaweza kuwa bahati tu? Tuseme kupumzika hakusaidii kitu. Bado wengine watashuka na wengine watapanda, kama sarafu inavyoanguka. Wastani utakuwa karibu na sifuri, si lazima sifuri yenyewe. Sasa, kwa bahati tupu namna hiyo, tofauti kubwa kama yako au kuizidi ingetokea mara ngapi kwa mia? Ikiwa ni chini ya mara tano, wengi wetu husema si rahisi iwe bahati peke yake."

"Na ikizidi tano?"

"Unasema hujapata ushahidi wa kutosha. Husemi umethibitisha kwamba hakuna tofauti. Na jaribio lazima lifuate jinsi ulivyopima. Wewe ulimpima mtu yule yule mara mbili, basi ni lile liitwalo jaribio la t la jozi, linalopima zile tofauti arobaini. Kama ungepima watu hawa waliopumzika na watu wengine wasiopumzika, lingekuwa la makundi mawili. Ukichagua lisilo lake, jibu linapotea."

"Na siri ya mgonjwa?"

"Mpe kila mtu namba yake, moja mpaka arobaini. Namba hiyo iandike kwenye kadi zake zote mbili. Majina yakae kwenye orodha yake, kabatini, na kufuli juu. Siri imetunzwa na jozi imepona."

Nilirudia kazi yote. Wenzangu walivaa majoho siku ambayo mimi nilikuwa namfunga mgonjwa wa tisa mkanda wa presha mkononi. Mmoja alipita kunisalimu akiwa na joho lake begani. Nilijifanya nasikiliza mapigo ya moyo. Mama alinipa kamba fupi za viatu, nikazitumia kufungia kadi, nyeupe na ya njano, kila mtu na zake.

Safari hii watu ishirini na sita walishuka, wawili hawakubadilika, kumi na wawili walipanda. Wastani ulishuka nne. Bwana Kwa-Mia alifanya jaribio. Kwa bahati tupu, tofauti kama hiyo au kuizidi ingetokea kama mara mbili kwa mia.

Nilipowasilisha, nilianza na kosa langu. Nilisema lote, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili.

"Kwa hiyo tungeweza kutoa nne?" mkuu wa kliniki aliuliza. Sijui kama alikuwa ananijaribu.

"Hapana, mkuu. Nne ni wastani wa kundi. Si presha ya mtu yeyote. Kila mtu apumzike, apimwe mwenyewe."

Aliandika kitu kwenye daftari lake. Wiki iliyofuata seremala alileta mabenchi mawili, yakawekwa nje ya chumba cha kupimia. Cheti changu kilikuja mwaka uliofuata.

Sasa mimi ni muuguzi katika chumba kile kile. Juzi mama alikuja kupimwa. Alikaa kwenye benchi dakika zake tano, akinung'unika kuhusu meza yake na yule jirani. Nilimfunga mkanda mkononi, nikasubiri mashine, nikatazama namba. Mia na hamsini na sita.

"Bado uko juu, mama."

"Basi andika," alisema. "Usinipunguzie."

Nikaandika 156, nikamshika mkono mpaka mlangoni kwa daktari.