Mteja wa Terasi ya Nyuma

Honorine alikuwa amebeba sahani za mgahawa kwa miaka tisa, na mkono wake ulijua uzito wa chakula kama fundi anavyojua uzito wa nyundo yake. Ndiyo maana alisimama ghafla siku ile katikati ya ukumbi mdogo unaotoka jikoni kwenda terasi ya nyuma, sahani ya ugali na samaki mkononi. Shadia, mpishi, alipoipitisha kwenye dirisha la jikoni ilikuwa nzito. Sasa ilikuwa nyepesi kama iliyojaa pamba. Akaitazama. Ugali upo, samaki yupo na kichwa chake, sombe, yaani kisamvu, haijamwagika hata tone. Kila kitu kilikuwa mahali pake, ila uzito haukuwepo.

Sahani hiyo ilikuwa ya Néhémie, mwalimu wa shule ya msingi aliyekula pale kila siku adhuhuri. Alimaliza yote akanyonya hata mifupa, kisha akamwita Honorine kwa aibu na kumwomba nyingine, maana tumbo lilikuwa kama halijapata kitu tangu jana. Ya pili nayo akaimaliza. Alipotaka kuinuka, alishika kwanza ukingo wa meza.

Tangu siku hiyo malalamiko hayakuisha. Samaki hana ladha, sombe ni majani ya kuchemshwa kwa maji matupu, sambaza, dagaa wa ziwani, ni kama kutafuna karatasi. Honorine alirudisha sahani jikoni, Shadia akaonja mbele yake kutoka sufuria ile ile, na sufuria ilikuwa tamu. Honorine akatoka tena kwenda kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Jikoni walimwona analeta maneno, terasi walimwona analeta uchafu, na Kamali, mwenye mgahawa, aliona kwamba shida yote ni yeye. Alimwambia mbele ya wateja kwamba anatembea kama konokono, chakula kinapoa njiani. Kesho yake akamgeukia Shadia. Alimwambia kwamba anabania mafuta, na akisikia lalamiko moja tu kabla ya Ijumaa, atatafuta mpishi mwingine. Shadia alikuwa amepika pale tangu mgahawa ulipokuwa na meza tatu chini ya turubai. Alikwenda kukatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Honorine naye aliendelea kubeba sahani. Alivuka mpaka kila asubuhi kutoka Bukavu, ambako alikuwa na binti na mama anayeugua miguu, na kazi kama ile, hapa Kamembe, upande wa Rwanda, haikuwa ya kuchezea. Lakini maneno aliyokuwa akiyameza yalikuwa yamemjaa hadi shingoni. Jioni, akiwa kwenye foleni ya kuvuka kurudi nyumbani, taya zilimuuma kwa kuzibana mchana kutwa.

Akaanza kuchunguza. Aligundua kwamba wateja wa chumba cha mbele hawakulalamika hata siku moja. Chakula kilikufa kwenye njia ya terasi tu, ile terasi mpya ambayo Kamali aliijenga baada ya kuvunja jiwe kubwa lililokuwa nyuma ya nyumba, apate meza nane zinazotazama ziwa. Jumanne alibeba sahani polepole, makusudi, akiwa ametega sikio. Alipofika mlangoni alisikia mtu anatafuna. Sauti haikutoka kwenye meza. Ilikuwa juu ya bega lake la kushoto, karibu kabisa, mate na meno, mtafuno wa mtu asiye na haraka, na kila mtafuno ulipopita aliisikia sahani ikipungua uzito mkononi mwake. Kulikuwa na harufu ya jiwe lililolowa na moto uliozimwa kwa maji. Aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta na kalenda.

Alimweleza Shadia kwa sauti ya chini, karibu na jiko la makaa, mgongo wameugeuzia mlango. Shadia hakucheka.

"Kuna kitu inakula mbele bantu bakule," alisema. "Kinachobakia ni ganda tu. Njo maana banakula na habashibe."

"Na minafanya nini, Shadia? Patroni anasema ni mimi."

"Usimwambie kwanza. Angalia kama iko na mahali yake."

Mahali pake Honorine alipaona Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na terasi ilikuwa na mteja mmoja tu, Néhémie, ambaye kwa siku kumi alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka shingoni kama kamba iliyolegea. Honorine alimwekea sahani, na alipoinua macho aliona kwamba kwenye meza ya kona, ile ambayo hakuna mteja aliyewahi kuipenda ingawa ndiyo iliyotazama maji vizuri kuliko zote, ameketi mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, viatu safi bila tone la tope wakati nje kote kulikuwa na tope, mikono ameiweka chini ya meza, na taya zake zilikuwa zikienda, zikienda taratibu, kwa kipimo kile kile cha mkono wa Néhémie uliokuwa ukipeleka tonge mdomoni, tonge kwa tonge, mwalimu akimeza na yule akitafuna, mpaka mwalimu akaweka kichwa chake juu ya meza pembeni ya sahani tupu na hakukiinua tena.

Walimbeba Néhémie kwa pikipiki hadi kituo cha afya. Muuguzi alisema ana njaa. Alisema ana njaa ya mtu ambaye hajala wiki nzima, akamtazama Honorine na sare yake ya mgahawa kama mtu aliyemnyima chakula.

Kamali aliposikia, alikasirika kwa sababu moja tu, kwamba mteja ameanguka mbele ya watu na habari itafika sokoni. Alimwambia Shadia kwamba kesho ndiyo siku yake ya mwisho. Kisha akapanda gari kwenda Gashonga kutafuta ndizi, akasema atarudi jioni.

Hawakumngoja. Shadia, aliyekuwa ameshaelezwa juu ya mtu wa kona, alivua aproni akaenda kumwita Mzee Ridhwani, fundi cherehani aliyejulikana mtaani kwa kusomea watoto wanaoshtuka usingizini. Alikuja na futi yake ya kupimia nguo bado shingoni. Alisimama mlangoni mwa terasi, akanusa, akaomba kijiko cha makaa, akatupia ubani. Kisha akauliza ni nani anayehudumia meza hizi. Honorine akasema ni yeye.

Mzee alimweleza bila kumtisha. Jiwe lililovunjwa lilikuwa nyumba ya huyu. Amewekewa meza ndani ya nyumba yake, naye amekaa kama mwenye nyumba anayeletewa chakula. Kisomo kitambana asizidi, lakini hatamwinua. Kwa kila kilicholetwa pale ameujua mkono mmoja tu, na mkono huo ndio utakaomtoa.

"Mimi ni Mkristo, mzee," Honorine alinong'ona.

"Omba yako ndani ya moyo, maman. Mimi nitasoma yangu. Akisimama, kila muntu atamuona, sababu amekubali kutoka. Umusindikize mpaka kwa mulango. Na muntu asimusemeshe tena. Hata salamu."

Mzee akaanza kusoma. Moshi wa ubani ulitambaa juu ya sakafu hadi kwenye kona, na katika moshi ule miguu ilionekana kwanza, viatu safi, halafu magoti, halafu suti, halafu uso ambao ukiuangalia uliona ni wa kawaida kabisa, na ukiangalia pembeni hukumbuki hata jicho. Honorine alisogea. Chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikipanda, siku zote zile za kutukanwa huku na kule, za kuomba msamaha kwa ajili ya mdomo wa mwingine, za mwalimu aliyekonda mbele ya macho yake huku yeye mwenyewe ndiye anayempelekea ganda, na kilipofika kooni hakukimeza.

"Tumefunga," alisema.

"Sijashiba." Sauti ilitoka juu ya bega lake la kushoto, ingawa yule mtu alikuwa mbele yake.

"Na hautashiba. Umekula ya mwalimu, umekula jina yangu, unataka kukula na kazi ya Shadia. Mimi njo nilikuwa nakuletea, na mimi nimeacha. Simama nikusindikize."

Taya zikasimama. Mzee Ridhwani akaendelea kusoma. Kisha kiti kikaburuzwa nyuma, na mtu yule akainuka, mrefu kuliko alivyoonekana ameketi. Honorine akatangulia. Akapita ukumbini, akapita jikoni ambako Shadia alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akapita chumba cha mbele, na nyuma yake viatu vilikuja, tap, tap, bila kukosea hatua. Akafungua mlango, akajitoa njiani. Mvua ilikuwa imekatika. Yule mtu alishuka ngazi, akavuka uwanja, akatoka getini, na Honorine akafunga mlango.

Mgahawa ukanukia samaki wa kukaanga. Ilikuwa harufu nzito, nzuri, ambayo hawakuwa wameisikia kwa siku nyingi. Shadia akaonja mchuzi kutoka bakuli la terasi, akaanza kulia. Mzee Ridhwani alikuwa akizima makaa aliposikia gari. Kamali aliingia na mkungu wa ndizi begani, amerudi mapema, uso umekunjamana.

Aliuliza nani amewafundisha kazi. Mheshimiwa mzima, suti safi, anatoka hapa na hakuna hata mmoja wa kumpeleka mpaka barabarani. Yeye mwenyewe amekutana naye nje ya geti, amemshika mkono, na mkono ulikuwa baridi kwa sababu ya kukaa kwenye terasi bila kuhudumiwa.

Mzee Ridhwani akaweka chini kijiko cha makaa.

"Umemwambia nini, patroni?" Honorine aliuliza.

"Ile maneno muntu anaambiaka mteja. Aliniambia hajashiba, nikamuomba pardon. Nikamwambia arudi." Kamali akashusha mkungu. "Akasema kwao ni bengi. Nikamwambia abalete bote kesho midi, saa sita kamili."

Mzee Ridhwani alikunja futi yake ya kupimia, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Shadia alimfuata. Honorine alifungua kamba za aproni, akaiweka kwenye kaunta. Kamali hakumwona. Alikuwa tayari yuko terasi, ameinama, anaburuta meza za nyuma moja moja na kuziunganisha, akimwita Honorine kwa sauti aje ashike upande wa pili.